Kabla ya Kuisifu Sheria, Tazama Imemwacha Nani Nje

Watu wengi wanapozungumzia sera za kuleta usawa kati ya Wamarekani weusi na weupe, mawazo yao huenda moja kwa moja kwenye sheria zinazotaja rangi waziwazi: upendeleo katika udahili wa vyuo vikuu, zabuni za serikali zinazotengewa wafanyabiashara weusi, fidia kwa vizazi vya watumwa. Mjadala huo ni mkali na una haki ya kuwapo. Hata hivyo, nimeishi Marekani miaka mingi, kwanza nikiwa mtunza wazee majumbani na baadaye nikijitolea kuwasaidia watu wa kipato kidogo kujaza fomu za kodi, na kazi hizo mbili zimenifikisha kwenye imani ambayo ningependa kuieleza kwa urefu. Pengo la mali kati ya rangi hizi limejengwa kwa kiasi kikubwa na sheria ambazo hazikutaja rangi hata mara moja, na baadhi ya hatua zilizowahi kulipunguza kwa kasi zaidi zilitokana pia na sheria ambazo hazikutaja rangi. Anayetaka kujua sheria fulani iko upande wa nani, airuke dibaji yake nzuri na afungue vifungu vya tafsiri na misamaha, mahali ambapo imeandikwa kwa maneno machache ni nani hahesabiwi.

Tarehe 14 Agosti 1935 Rais Franklin Roosevelt alitia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyoanzisha mafao ya uzeeni na bima ya wasio na ajira. Sheria hiyo, ambayo hadi leo ndiyo tegemeo la mamilioni ya wazee, iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani. Kuhusu weusi haikusema chochote, wala haikuwa na haja ya kusema, kwa sababu wakati huo karibu theluthi mbili ya wafanyakazi weusi walikuwa wakilima mashamba ya wengine au wakipika, wakifua na kulea watoto katika nyumba za wengine. Mwaka huohuo, sheria iliyowapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na mwajiri iliwaacha nje watu walewale. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1938, ikaja sheria iliyoweka kima cha chini cha mshahara kwa taifa zima, senti 25 kwa saa, pamoja na malipo ya saa za ziada, nayo ikawaacha nje tena.

Wanahistoria wanabishana kuhusu nia. Wapo wanaosema kwamba wabunge wa majimbo ya Kusini, ambao Roosevelt hakuweza kupitisha chochote bila kura zao, walikataa sheria yoyote ambayo ingemfanya kibarua mweusi asimtegemee mwenye shamba. Wengine wanasema kwamba maofisa wa Hazina waliona vigumu kukusanya michango kutoka kwa mamilioni ya kaya na mashamba madogo, na wanakumbusha kwamba, kwa hesabu ya vichwa, walioachwa nje wengi walikuwa weupe. Hoja hiyo ya pili ni ya kweli na haifai kufichwa. Lakini kwangu mimi nia si jambo la kwanza. Mwanamke aliyefua nguo za watu kwa miaka 15 bila michango yake kuandikwa popote hakupata nafuu yoyote kwa kujua kama aliachwa kwa chuki au kwa usumbufu wa makaratasi.

Tumtazame kwa karibu mwanamke wa namna hiyo, kwa sababu hapa ndipo mambo ya zamani yanapoungana na ya leo. Watumishi wa majumbani walianza kuingizwa katika mafao ya uzeeni kwa marekebisho ya mwaka 1950, na hata baada ya hapo waajiri wengi waliendelea kuwalipa mkononi bila kumbukumbu yoyote. Mafao ya mtu hukokotolewa kutokana na mapato yaliyoandikwa, na mwaka usioandikwa huhesabiwa kuwa ni sifuri. Anapofika umri wa kustaafu, cheki yake ni ndogo, na ikiwa ndogo ni lazima mtoto wake ajazie. Mtoto huyo, hata akiwa na kazi nzuri ya ualimu au ya posta, hutuma kwa mama yake kila mwezi fedha ambazo mwenzake mweupe wa mshahara uleule anaziweka akiba kwa ajili ya malipo ya awali ya nyumba. Mjukuu naye anaanza maisha katika nyumba ya kupanga. Hakuna aliyevunja sheria katika masimulizi haya, wala hakuna afisa aliyemtukana mtu.

Zipo pia sheria ambazo hazikumwacha mtu nje kwa maandishi, ila ziliuacha mlango mikononi mwa watu ambao kila mmoja alijua wangeufungia nani. Mwaka 1944 Bunge lilipitisha sheria ya kuwasaidia wanajeshi waliorudi kutoka vitani: karo ya chuo, ruzuku ya kutafuta kazi, na dhamana ya serikali kwa mikopo ya nyumba na biashara. Mwanajeshi mweusi alikuwa na haki sawa kabisa kwenye karatasi. Mbunge John Rankin wa Mississippi, aliyeongoza kamati ya wanajeshi wa zamani katika Baraza la Wawakilishi, alihakikisha kwamba utekelezaji unaachiwa majimbo na taasisi za mahali, na serikali ilidhamini tu mkopo ambao benki ilikuwa tayari kuutoa. Mwaka 1947, katika miji 13 ya Mississippi, jimbo ambalo karibu nusu ya watu wake walikuwa weusi, mikopo 3,229 ilidhaminiwa kwa utaratibu huo. Miwili ndiyo iliyokwenda kwa wanajeshi weusi.

Nyumba ndiyo mali kuu ya familia ya kawaida ya Marekani, na nyumba iliyonunuliwa mwaka 1947 kwa mkopo nafuu imekwisha kurithiwa mara mbili. Utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 kuhusu fedha za kaya ulionyesha kwamba familia ya weupe iliyo katikati kabisa ya safu ya weupe wote ilikuwa na mali ya dola 285,000 baada ya kutoa madeni, na ya weusi iliyo katikati ya safu yao ilikuwa na dola 44,900. Nimesikia watu wazima wenye elimu wakieleza tofauti hiyo kwa tabia ya kuweka akiba. Natamani wangekaa siku moja na fomu za kodi za wauguzi wasaidizi na madereva wa mabasi, waone fedha zinaingia lini na zinatoka kwenda kwa nani.

Sasa nije kwenye upande wa pili, ambao haupewi nafasi ya kutosha katika mazungumzo ya haki za kiraia. Mwaka 1966, Rais Lyndon Johnson alipotia saini marekebisho ya sheria ya mishahara, kima cha chini kilipanuliwa kuanzia Februari 1967 hadi kwenye mashamba makubwa, hoteli, migahawa, hospitali, nyumba za kutunzia wazee, shule na maduka mengi ambayo sheria ya 1938 haikuyagusa. Hakuna kifungu kilichowataja weusi. Lakini sekta hizo zilikuwa na takriban theluthi moja ya wafanyakazi wote weusi, na mishahara yao ikapanda ghafla. Wanauchumi Ellora Derenoncourt na Claire Montialoux, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2021, walikadiria kwamba upanuzi huo peke yake unaeleza zaidi ya asilimia 20 ya kupungua kwa pengo la mapato kati ya weusi na weupe katika kipindi kile cha mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, na hawakuona dalili za upotevu mkubwa wa ajira uliotabiriwa na wapinzani. Tumezoea kuyahesabu mafanikio ya enzi hiyo kwa sheria ya 1964 dhidi ya ubaguzi na sheria ya 1965 ya haki ya kupiga kura, na zote mbili zinastahili heshima yake. Hata hivyo, mpishi wa hospitali aliyekuwa akilipwa chini ya kima aliinuliwa na sheria ya tatu, iliyofuta tu mstari wa misamaha.

Hata sheria hiyo haikufuta yote. Iliruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kuwa sehemu ya mshahara, na kwa sababu hiyo mhudumu wa mgahawa bado anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 kwa saa chini ya sheria ya shirikisho, kiwango ambacho hakijasogea tangu 1991. Kima cha kawaida chenyewe, dola 7.25, hakijapanda tangu 2009. Majimbo mengi yameweka viwango vya juu zaidi, lakini sehemu kubwa ya majimbo ya Kusini, ambako ndiko wanakoishi Wamarekani weusi wengi kuliko kwingineko, yamebaki na kile cha shirikisho.

Watumishi wa majumbani walisubiri hadi 1974 ndipo wakaingizwa katika kima cha chini, na walipoingizwa, kikawekwa kifungu kipya cha kuwaacha nje wale wanaotoa huduma ya kuwa pamoja na wazee na wagonjwa nyumbani. Waliokiandika walisema kinamlenga kijana wa jirani anayekaa na bibi jioni chache. Wizara ya Kazi ikakitafsiri kwa upana hadi kikawafunika waajiriwa wa kampuni za utunzaji, wanawake wanaogeuza wagonjwa kitandani, wanaowaogesha na kuwapa dawa, kwa zamu zinazoendelea hadi alfajiri. Evelyn Coke, mwanamke mweusi mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi hiyo New York, alikwenda mahakamani kudai malipo ya saa za ziada. Mwezi Juni 2007 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kauli moja, ikisema kwamba kanuni ya Wizara ilikuwa halali. Alifariki mwaka 2009 bila kupata alichokidai.

Mimi nilifanya kazi hiyo kabla kanuni haijabadilishwa, katika jimbo lisilokuwa na sheria yake lenyewe. Nakumbuka jinsi hati ya mshahara ilivyoonekana: safu ya saa, safu ya kiwango, na safu ya tatu ya saa za ziada iliyochapishwa kwa sababu programu ya mishahara ilikuwa nayo, lakini ikabaki tupu kila wiki. Saa ya 41 ililipwa sawasawa na saa ya kwanza. Wenzangu walikuwa wengi wao Wamarekani weusi, Wakaribi, Wafilipino na Waafrika kama mimi, na tulidhani mwajiri anatuibia. Hakuwa akituibia kwa mujibu wa sheria, na kulielewa hilo kuliniuma kuliko wizi, kwa sababu mwizi unaweza kumshtaki. Mwaka 2013 utawala wa Rais Obama ulibadilisha kanuni, na baada ya kesi nyingine ikaanza kutekelezwa 2015, ndipo karibu wafanyakazi milioni mbili wakapata ulinzi ambao mfanyakazi wa kiwandani alikuwa nao tangu 1938. Mwezi Julai 2025 Wizara ya Kazi ilitangaza pendekezo la kuirudisha kanuni ya zamani. Nililisoma pendekezo hilo usiku kucha. Halina neno la chuki hata moja. Linazungumzia gharama kwa familia zinazohitaji huduma, nami nazijua familia hizo na najua zinavyoteseka na bili. Lakini dawa ya bili kubwa ni bima ya umma ya utunzaji wa wazee, ambayo Marekani haijawahi kuwa nayo kwa ukamilifu. Kumtoza mtunzaji gharama hiyo kupitia saa asizolipwa ni kodi inayotozwa wanawake maskini peke yao.

Kwenye meza ya kodi nilikutana na kifungu cha namna hiyohiyo, kikiwa kimevaa hesabu. Nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto ilikuwa dola 2,000 kwa kila mtoto mwaka 2022. Wanandoa wenye kipato cha hadi dola 400,000 kwa mwaka waliipata yote. Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto wawili wa shule ambaye, kwa saa chache alizopangiwa dukani, alipata dola 9,000 mwaka mzima. Hadaiwi kodi ya mapato, kwa hiyo anachoweza kupata ni kile tu ambacho serikali inakubali kumlipa taslimu, na kanuni ilisema: toa dola 2,500 kwenye mapato yake, kisha chukua asilimia 15 ya kinachobaki. Zinabaki dola 6,500, na asilimia 15 yake ni dola 975 kwa watoto wote wawili. Wanandoa wenye dola 400,000 walipata 4,000. Kwa utaratibu huo, kabla ya janga la korona karibu nusu ya watoto weusi wa Marekani walikuwa katika familia zisizofikia nafuu kamili, kwa sababu moja tu: wazazi wao walipata kidogo mno.

Mwaka 2021 sheria ya kuokoa uchumi iliondoa ngazi hiyo kwa mwaka mmoja. Nafuu ikawa dola 3,000 kwa mtoto mkubwa na 3,600 kwa aliye chini ya miaka sita, ikalipwa kamili hata kwa asiye na kipato, na nusu yake ikaingia benki mwezi kwa mwezi kuanzia Julai hadi Desemba. Umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu misaada ya serikali, ulishuka hadi asilimia 5.2, kiwango cha chini kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa kwa kipimo hicho. Bunge likaiacha sheria imalize muda wake, na mwaka 2022 umaskini ukapanda hadi asilimia 12.4. Nilikuwa nikizijaza fomu hizo katika misimu yote miwili. Mwaka mmoja nilimwambia mama kiasi kinachokuja, akaniomba nirudie hesabu kwa sababu hakuamini. Mwaka uliofuata mama yuleyule akaniomba nirudie tena, nami nikairudia nikijua jibu halitabadilika. Sheria ya kodi ya mwaka 2025 imeongeza nafuu hadi dola 2,200, lakini ngazi ya 2,500 na asilimia 15 imebaki palepale, na imedumishwa. Nyongeza hiyo haimgusi yule mama.

Je, basi, sera zinazotaja rangi ziachwe? Sisemi hivyo. Madhara yaliyofanywa kwa rangi yana haki ya kulipwa kwa rangi, na mji wa Evanston, Illinois, ulioanza mwaka 2021 kutoa hadi dola 25,000 za makazi kwa wakazi weusi walioathiriwa na ubaguzi wa nyumba na vizazi vyao, umefanya jambo la haki. Lakini tunapaswa kuwa wakweli kuhusu mahakama zilizopo. Mwaka 2021 Bunge lilitenga takriban dola bilioni 4 kufuta madeni ya wakulima weusi na wa makundi mengine yaliyobaguliwa kwa miongo mingi na maofisa wa mikopo wa Wizara ya Kilimo. Mwaka 1920 wakulima weusi walikuwa zaidi ya 900,000. Leo hawafiki 50,000, na mkopo ulionyimwa au uliocheleweshwa hadi msimu wa kupanda ukapita ni moja ya sababu kubwa. Wakulima weupe wakashtaki, majaji katika majimbo kadhaa wakazuia malipo, na mwaka 2022 Bunge likakifuta kifungu chenyewe. Mahali pake pakawekwa dola bilioni 2.2 kwa mkulima yeyote anayeweza kuonyesha kwamba Wizara ilimbagua katika mikopo kabla ya 2021. Mwaka 2024 zaidi ya watu 43,000 walilipwa. Baada ya uamuzi wa Juni 2023 uliofuta upendeleo wa rangi katika udahili wa vyuo, njia ya kwanza imekuwa nyembamba zaidi, na aliyeahidiwa mwaka 2021 akasubiri miaka mitatu huku riba ikipanda anajua gharama ya ahadi isiyohimili kesi.

Udhaifu wa njia ninayoitetea nauona. Kima cha mshahara na nafuu ya kodi hupunguza pengo la mapato, lakini dola 285,000 kwa 44,900 ni pengo la mali, na mali hukua yenyewe wakati mshahara unaliwa. Kwa hiyo nimefuatilia kwa makini mpango wa jimbo la Connecticut, uliotokana na hoja ambayo wanauchumi Darrick Hamilton na William Darity wameitetea kwa miaka mingi. Kuanzia Julai 2023, kila mtoto ambaye kuzaliwa kwake kumelipiwa na bima ya afya ya watu wa kipato kidogo anawekezewa na jimbo dola 3,200, na akifika kati ya miaka 18 na 30, akiwa mkazi wa jimbo, anaweza kuzitumia kwa nyumba, masomo, biashara au akiba ya uzeeni. Rangi haikutajwa. Kigezo ni bima, na bima hiyo inawafikia watoto weusi na Walatino kwa kiwango kikubwa kuliko idadi yao katika jimbo, pamoja na watoto weupe maskini ambao nao wanastahili. Familia haijazi fomu wala kupanga foleni, na hakuna karani wa kumwambia mtu arudi kesho.

Serikali ya shirikisho nayo, kwa sheria ya 2025, imeanzisha akaunti za watoto, ikiweka dola 1,000 kwa kila raia atakayezaliwa kuanzia mwanzo wa 2025 hadi mwisho wa 2028. Wengi wameisifu kwa sababu inamtendea kila mtoto sawa. Tufungue vifungu vyake. Familia inaruhusiwa kuongeza hadi dola 5,000 kila mwaka, na ukuaji wake haukatwi kodi mpaka fedha zitolewe. Mtoto ambaye wazazi wake wanaweza kujaza kiasi hicho atafikia utu uzima akiwa amewekewa zaidi ya dola 80,000 kabla ya kuhesabu faida. Yule wa mama wa dola 9,000 atakuwa na 1,000 yake na ilichozaa. Chombo chenyewe si kibaya na sitaki kifutwe. Ninachotaka ni Bunge liongeze kifungu kimoja kinachoifanya amana ya serikali iwe kubwa kadiri kipato cha kaya kinavyopungua, ikitumia taarifa za kodi na bima ambazo serikali tayari inazo, na fedha hizo zisihesabiwe familia inapoomba msaada wa chakula au wa pango. Watoto wa kwanza wa mpango huo wamekwisha kuzaliwa, na marekebisho yakifanyika kabla ya kuanza shule yatakuwa na zaidi ya miaka kumi ya kukua.